Risala ya Kikundi cha Ngoma cha Wafanyakazi wa Ghala kwa Mgeni Rasmi

Ndugu Mgeni Rasmi, Afisa Utamaduni wa Wilaya,
Ndugu Meneja wa Ghala,
Viongozi wa tawi la chama cha wafanyakazi,
Wafanyakazi wenzangu, mabibi na mabwana,

Awali ya yote tunakushukuru kwa kukubali kuwa nasi jioni hii tunapotimiza miaka miwili ya kikundi chetu. Karibu sana. Harufu ya mkaa unayoisikia si ya pilau, samahani kwa waliokuja na njaa. Ni ngoma zinapashwa moto ili ngozi zikaze. Wiki ya kwanza tulipowasha jiko hapo nje, mlinzi wa zamu alitujia mbio na mtungi wa kuzimia moto. Mlinzi huyo leo ndiye mpiga vumi wetu, ile ngoma kubwa.

Ndugu Mgeni Rasmi,
Kazi na muziki ni marafiki wa zamani hapa Dar es Salaam. Mwaka 1964 chama cha wafanyakazi, NUTA, kilianzisha bendi ya NUTA Jazz, ambayo baadaye ikaitwa JUWATA, kisha OTTU, na leo ni Msondo Ngoma. Polisi walikuwa na Polisi Jazz, Shirika la Bima likawa na Bima Lee. Lakini kule wapigaji walikuwa wanamuziki hasa, mfanyakazi alikwenda kucheza. Sisi tunapiga wenyewe, na wengi wetu hatukuwa tunajua.

Tulianza vibaya. Ulibandikwa waraka kwamba kila mtu ahudhurie mazoezi Ijumaa saa kumi na nusu jioni, baada ya kazi. Tukaja, tukachezesha midomo huku macho yako kwenye saa. Wanaopanda daladala mbili kufika nyumbani walinuna, na walikuwa na haki. Mwezi wa pili waraka ukabanduliwa, mazoezi yakaingizwa ndani ya saa za kazi, anayetaka aje. Tukabaki kumi na mmoja. Leo tuko thelathini na wanne.

Ndugu Mgeni Rasmi,
Mhasibu wetu alipewa kayamba, na kila mara alikuwa anatangulia. Jioni moja mpakiaji anayeshika chapuo, ile ngoma ndogo, akausimamisha wimbo: "Bosi, usihesabu. Sikiliza vumi, likikupa nafasi ndipo uingie." Ghala zima likanyamaza, maana si kila siku mpakiaji anamrekebisha mhasibu mbele za watu. Mhasibu akacheka, akafumba macho, na mara ya tatu akaingia pale pale.

Wiki iliyofuata mpakiaji yule alipanda ofisini mwenyewe kuuliza kwa nini hati za kupokelea mzigo zinarudishwa kila siku. Wakakaa wote wawili na fomu mezani. Kumbe sehemu mbili zilikuwa zinauliza jambo lile lile, na kila mtu alikuwa anaijaza moja na kuiacha nyingine. Moja ikafutwa. Zamani swali kama hilo lilipitia kwa msimamizi, na likifika juu limeshageuka malalamiko.

Tusidanganyane hata hivyo. Ngoma hailipi saa za ziada. Mwenye dai alipeleke tawini kama kawaida, na tunamshukuru Meneja kwamba hajawahi kutuambia tuimbe badala ya kujibu.

Ndugu Mgeni Rasmi,
Tuna maombi mawili. Chapuo moja limepasuka na vumi limelegea, yote yanahitaji kuwambwa upya. Tusaidie kumpata fundi. Pili, tunaomba mwalimu wa kwaya, hata mara moja kwa mwezi, kwa sababu sauti ya nne wanaifuata sauti ya tatu wakidhani hawasikiki.

La mwisho si ombi, ni utaratibu wa kikundi: mgeni hatazami tu. Kayamba lako liko mezani. Vumi litakupa nafasi.

Naomba kuwasilisha.