Chang'aa nayo ipewe nafasi kama waragi

Mhariri,

Kila mara watu wanapokufa kwa pombe, kichwa cha habari huwa "chang'aa yaua", yaani ile pombe kali yetu ya kienyeji, hata kabla ya maabara kusema walikunywa nini. Jambo hili linaniuma, hasa tangu nilipokwenda harusini Mbarara, Uganda.

Pale harusini, Uganda Waragi, pombe kali ya kule, ilikaa mezani wazi wazi kando ya soda na bia, chupa ina lebo na imelipiwa ushuru. Wazee walimiminiana kwa heshima. Nilionja: nyeupe kama maji, inashuka taratibu, kisha joto linatanda kifuani.

Kesho yake mjomba wa bwana harusi alinipeleka nyuma ya migomba kuona chanzo chake. Ndizi za pombe huivishwa shimoni, hukanyagwa pamoja na nyasi mpaka zitoe maji, huchanganywa na mtama uliokaangwa na kuachwa zichachuke. Hiyo ndiyo tonto. Tonto ikipikwa katika pipa, mvuke hupita kwenye bomba la shaba lililolazwa ndani ya maji baridi, na kinachodondoka upande wa pili ni waragi ya kienyeji. Matone ya kwanza mzee aliyamwaga chini. Alisema hayo hayapewi mgeni wala adui.

Waganda walitunga Sheria ya Enguli (yaani waragi ya kienyeji) mwaka 1965: mpishi wa kijijini awe na leseni na auze pombe yake kwa kiwanda, kiwanda kiisafishe upya. Si kwamba kule mambo yote ni shwari. Wengi walikosa leseni wakaendelea kupika kwa kujificha, na mwaka 2010 waragi iliyotiwa methanoli iliua makumi ya watu Kabale. Lakini kilichoua ni kemikali ya viwandani iliyoongezwa na wafanyabiashara wenye tamaa. Mzee yule na pipa lake hawakuhusika.

Kwetu Kenya, sheria ya vileo ya mwaka 2010 ilihalalisha chang'aa, mradi ipikwe kwa leseni na iuzwe katika chupa za kioo zenye lebo. Mama mmoja jirani yangu, aliyesomesha wanawe kwa kazi hiyo, atatoa wapi mtaji wa chupa na lebo? Hadi leo akisikia gari likinguruma usiku hubeba mtungi na kukimbilia mtoni. Anayechanganya methanoli mjini naye anapita katikati ya hofu hiyo hiyo, kwa sababu mnywaji hana njia ya kumtofautisha na huyu mama.

Naomba mwandishi wenu afuatilie: tangu 2010, ni wapishi wangapi wa chang'aa vijijini waliopewa leseni, na serikali za kaunti zimewasaidiaje wale wanaotaka kuungana katika ushirika na kupeleka pombe yao kupimwa?

Mwalimu mstaafu,
Kakamega