Jina la Kilimanjaro lisibandikwe kila kahawa

Mhariri,

Pakiti yenye picha ya mlima na neno Kilimanjaro haimhakikishii mnunuzi kwamba kahawa iliyomo ilivunwa Kibosho, Machame, Marangu au Rombo. Nchini Japani, ambako jina hili linapendwa sana, kanuni za biashara ya kahawa zinaruhusu kahawa ya aina ya arabika ya Tanzania iitwe Kilimanjaro hata ikitoka mbali na mlima, isipokuwa ile ya Bukoba. Ikichanganywa na kahawa nyingine, asilimia 30 tu inatosha kulibeba jina. Kwa hiyo arabika ya Mbinga na Mbozi huweza kuuzwa kwa jina la mlima ulio mamia ya kilomita kutoka shambani. Kahawa hizo ni nzuri, na wakulima wake wanastahili kujulikana kwa majina ya kwao.

Anayeumia zaidi ni mkulima wa kihamba, yaani shamba la ukoo la Wachaga mlimani. Kihamba hugawanywa kila kizazi, mibuni mingi imezeeka, na magonjwa ya chulebuni na kutu ya majani yanadai dawa kila msimu. Wengi wameng'oa wakapanda parachichi au kujenga nyumba. Miche ya TaCRI, taasisi ya utafiti wa kahawa iliyoko Lyamungo, inayostahimili magonjwa hayo ipo, lakini mwenye mche husubiri miaka kama 3 kabla ya mavuno ya maana.

Na kazi yenyewe haina njia ya mkato. Kilo 1 ya kahawa safi hutokana na takriban kilo 6 za matunda, yakichumwa mekundu tu. Yamenywe siku hiyo hiyo, maana yakilala kwenye gunia hupata joto na kuanza kuchacha. Kisha kahawa huvundikwa mpaka utelezi uachie; ukiisugua viganjani na kuisikia inakwaruza, ioshwe mara moja. Pulperi, mashine ya kumenyea, nayo isafishwe kila jioni, kwa sababu punje chache za jana zilizonasa ndani huoza, na harufu yake huharibu kikombe kizima. Mwisho ni kuanika kwenye vichanja hadi unyevu ufike asilimia 11 au 12. Ukizidi hapo, ukungu unaingia ghalani.

Kiwandani ganda gumu hukobolewa, karibu moja ya tano ya uzito inaondoka, na punje hupangwa madaraja. Hapa wanunuzi wengi hupotoshwa. AA si alama ya Kilimanjaro. Ni ukubwa tu: punje zinazobaki juu ya chekeche namba 18, yenye matundu ya milimita 7 na kidogo. PB nayo ni punje ya tunda lililotoa mbegu moja badala ya mbili, jambo linalotokea kwenye mibuni ya mkoa wowote. Ganda likishatoka, hakuna jicho linaloweza kutenganisha kahawa ya Uru, hapa mlimani, na ya Mbozi, kwa hiyo udhibiti lazima uanzie kwenye mizani ya AMCOS, chama cha ushirika cha msingi kinachopokea kahawa ya wakulima.

Robusta, aina nyingine ya kahawa, ikichanganywa na arabika, walau hiyo inaonekana. Punje ya arabika ni ndefu kidogo na mfereji wake umepinda, ya robusta ni ya mviringo na mfereji umenyooka. Hata baada ya kukaangwa tofauti hiyo hubaki, ila ikisagwa imepotea. Nunueni punje nzima, msage wenyewe. Kama ni ya unga na mnashuku imetiwa chikori, mzizi wa mmea unaokaangwa na kusagwa, nyunyizeni kidogo juu ya maji baridi: kahawa huelea kwa muda, chikori huzama upesi ikiacha michirizi ya kahawia.

Kolombia ilipata ulinzi wa jina la kahawa yake katika Umoja wa Ulaya mwaka 2007. Sisi tuanze na pakiti za hapa nyumbani. Bodi ya Kahawa iwatake wachomaji waandike wilaya kahawa ilikotoka, msimu wa mavuno, na kama ni mchanganyiko, asilimia ya kila sehemu. Jina la AMCOS liufuate mzigo kutoka mizani hadi mnadani, na asiye na kumbukumbu hizo asiruhusiwe kuuandika mlima kwenye pakiti yake.

Mdau wa kahawa,
Moshi