Anti, eti namkagua mume wangu kama ng'ombe wa mnadani

Anti sijui niseme shikamoo au nikusalimie tu maana umri wako siujui, ila ninavyoandika ni saa tisa usiku, huku Uyole baridi inakata masikio, mi niko jikoni nimekumbatia jiko la mkaa na mzee amelala sebuleni kwenye kochi. Amelala ameketi. Kitandani hawezi tena, akijinyoosha anasema pumzi inakata, alianza kuongeza mto mmoja ikawa miwili ikawa mitatu, sasa kahamia kochini na anadai eti kochi lina joto. We unaijua baridi ya huku mwezi wa saba, kochi gani lina joto.

Ila sikuandikii ya kochi. Jumapili iliyopita tulikuwa na kikao cha harusi ya binti yake, wa marehemu mke wa kwanza, mi nimemkuta ana miaka sita nimemlea mpaka hapo alipo na hilo naomba lisisahaulike. Napitisha chai nikaona soksi zimembana, nikainama nikamwambia taratibu sikioni, mzee ngoja nikuletee zile zilizolegea. Basi. Akapaza sauti mbele ya kaka zake na wifi zangu na watoto, "huyu mwanamke siku hizi ananikagua kama ng'ombe wa mnadani, leo miguu, kesho macho, kesho kutwa atanifungua meno, ananipimia jeneza huyu." Watu wakacheka. Wifi yangu mmoja hakucheka, aliniangalia tu, na huyo ndo kaniumiza kuliko waliocheka, maana niliona ameamini.

Anti mi sio daktari, nimeishia la saba, nauza viazi. Lakini soksi za huyu mwanaume nimezifua miaka 22, tangu anaendesha malori ya Tunduma, nani ataujua mguu wake kunizidi? Zamani akivua soksi lastiki inaacha alama, asubuhi imeisha. Tangu mwaka huu uanze inaacha mfereji, na asubuhi mfereji upo. Kuna mama tunaimba naye kwaya ni nesi mstaafu, nikamweleza, akasema akilala mbonyeze na kidole gumba hapo kwenye mfupa wa ugoko, hesabu kumi kisha achia uangalie. Nikafanya. Shimo likabaki kama nimebonyeza unga wa maandazi, nikawasha tochi ya simu na lile shimo lipo tu linanitazama. Kunyanyua uso, mzee kafumbua macho. Hakusema kitu usiku ule. Alilitunza akaja kulimwaga kwenye kikao.

Yani kama nina kosa ni lile la tochi, nakubali. Lakini ng'ombe wa mnadani?

Na nisikudanganye, nilichelewa kuona kwa sababu nilikuwa nasifiwa. Nikipita sokoni Mwanjelwa akina mama wananiambia dada umemtunza mzee, amenawiri, ona kitambi ona mashavu, na mi nafurahi nazidisha mafuta kwenye ndizi. Kumbe mashavu yale ni ya asubuhi tu yamevimba, na ukimvua shati mabega yamechongoka na mapaja yamebaki fimbo, kilichonenepa ni tumbo peke yake. Fundi alipompima suti ya harusi kiuno kimekuja inchi 43. Nesi akasema kwa mwanaume ikishavuka 40 hiyo sio afya tena, mafuta ya tumboni yanazunguka mpaka kwenye ini na ndo njia ya sukari na presha. Alafu akaniuliza, shingo yake ikoje? Anti nilitamani ardhi ipasuke. Shingo yake kwa nyuma ina weusi kama velveti na mikunjo, miaka mingi sasa, na mi nilikuwa naamini ni uchafu wa kola. Nimemsugua na dodoki yule baba mpaka analalamika anawaka moto. Nesi akasema weusi wa namna ile hautoki kwa sabuni, mara nyingi ni mwili kushindwa kuitumia sukari vizuri. Nilipomwambia mzee apime akasema angekuwa na sukari si sisimizi wangejaa chooni. Sisimizi gani wanatoka na baridi hii!

Nesi mwenyewe hanitishi, wasije wakasema ananipandisha. Nilimwambia mboni zake zimezungukwa na duara la kijivu, akacheka, akasema kwa mtu wa miaka 64 hilo ni la uzee, angekuwa wa chini ya 45 ndo ningeshtuka nikampeleka akapime mafuta ya damu. Na ule mstari wa kwenye ndewe ya sikio ambao watu wanarushiana whatsapp kwamba ukiwa nao moyo umekwisha, akasema ni kweli daktari mmoja wa Marekani aliuandika mwaka 1973 na madaktari wanaujua, ila wazee wengi wanao na hawaumwi, usimzike mtu kwa sikio. Ugoko kupukutika vinyweleo nao unaweza kuwa damu haifiki vizuri miguuni, unaweza pia kuwa gambuti za miaka yote. Kilichomfanya aache kucheka ni viwili, miguu kubonyea na kulala ameketi. Akasema hivyo viwili vikikaa pamoja ni moyo au figo mpaka hospitali iseme vinginevyo, na havisubiri harusi ipite.

Sasa upande wao. Kaka yake mkubwa aliyetutangulia alianza hivihivi na miguu, wakasema amekanyagishwa dawa shambani, wakamzungusha kwa waganga mpaka tumbo likajaa maji. Na huyu wangu tayari ana chupa ya mizizi imefichwa nyuma ya kabati, inanuka kama maji ya kuoshea ngozi. Mi nikinyanyua soksi ndo nampimia jeneza, ila mwenye chupa ndo anampenda.

Alafu kuna shamba la parachichi kule Rungwe. Hapo ndo mnadani pao. Wanadhani namhesabia siku kwa ajili ya ile miti. Anti nimeipalilia ile miti, nimeimwagilia kwa ndoo nikiwa na mimba, hati sijawahi kuishika wala kuuliza iko wapi.

Kuna siku naona bora nikae kimya, afanye anavyotaka, ni mtu mzima na soksi ni zake. Jana nilifunga begi niende kwa mama Tukuyu, nikafika stendi nikarudi, nikajiambia nimesahau kuacha maji ya moto ya kunawia. Sijasahau, nilikuwa nimeacha kwenye chupa.

Kinachonikosesha usingizi zaidi ni hiki. Mtoto wake wa kwanza yuko Dar, yule mzee anamsikiliza, akisema neno moja baba anapanda gari. Juzi kanipigia, mama mdogo nasikia baba hayuko sawa, nipigie picha ya miguu nimwonyeshe daktari huku. Nimepiga. Ninayo kwenye simu, miguu yote miwili na lile shimo la kidole gumba linaonekana, nimeipiga akiwa amesinzia hapo kochini. Sijaituma. Nikiituma atajua tu, atasema sasa nampiga na picha nawatangazia wanunuzi. Nisipoituma na likatokea la kutokea, haohao waliocheka ndo watakuwa wa kwanza kusema mama mdogo alikuwa anaona akanyamaza. Nitume? Au nimwombe kwanza ruhusa, wakati najua atakataa? Na usiniambie nikae naye chini nizungumze naye kwa upole, upole nilishautumia, ule wa sikioni na kikombe cha chai.

Tafadhali jina langu usilitoe na usitaje kwaya. Ndaga fijo kwa kunisoma.

Anakohoa huko sebuleni, naenda kumwekea stuli chini ya miguu. Jana aliipiga teke, juzi aliiacha.