Heshima kwa mwinjilisti ianzie kwenye posho yake

Mhariri,

Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, na ni mhazina wa mtaa mmoja wa kanisa la Kilutheri wilayani Hai, upande wa milimani. Naomba nafasi niseme jambo lililonikaa kifuani tangu masika ya mwaka jana. Silisemi kwa sababu ni la kwetu peke yetu. Nikikutana na wahazina wenzangu kwenye semina nasikia habari zinazofanana na hii, ila hadithi huishia pale pale kwenye chai.

Usiku wa Jumanne moja mwezi Aprili iliingia klipu ya sauti kwenye kundi la WhatsApp la jumuiya yetu. Msemaji, muumini mwenzetu mwenye uwezo na mwepesi wa kutoa, alisema mwinjilisti wetu, aliyekuwa akiuhudumia mtaa chini ya mchungaji, ameuza mbao za kanisa, zile zilizobaki tulipofunga dari, na kwamba pesa zimeliwa. Kundi lile lina watu wa kijijini, lina vijana wetu walioko Dar es Salaam na Mwanza, lina hata binti mmoja aliyeko Ujerumani. Mpaka naamka alfajiri kukamua, klipu ilikuwa imeshahamia makundi mengine, na chini yake watu wameandika maneno ambayo siwezi kuyarudia gazetini.

Mbao ziliuzwa kweli. Baraza la wazee ndilo lililoamua, kikao cha Februari, kwa kuwa mchwa walikuwa wameanza kuzila. Zikauzwa shilingi 340,000, na pesa zote zikaenda kwenye saruji na mabomba ya choo cha kanisa. Wazee saba waliweka saini kwenye muhtasari. Stakabadhi ya kuuzia mbao na ile ya kununulia saruji zilikuwa kabatini mwangu, ndani ya faili la kijani. Pesa nilizipokea mimi kwa mkono wangu. Mwinjilisti hakuzishika hata kidogo.

Nilinyamaza siku kumi na moja.

Mwenye klipu ndiye aliyetununulia vipaza sauti. Kwenye mnada baada ya ibada ndiye anayenunua mkungu wa ndizi kwa bei ambayo hakuna mwingine anayeifikia. Mke wake ni mtoto wa shangazi yangu. Nikajiambia nisubiri kikao cha wazee. Nikajiambia maneno ya kwenye simu hupoa yenyewe. Jumapili ya kwanza, sadaka ambayo kwa kawaida hufika 180,000 ilikuwa 64,000. Nilihesabu mara mbili nikidhani nimekosea. Baada ya ibada, tulipotoka nje na kusimama kwa duara, nilimwona mama mmoja akimruka mwinjilisti na kumpa mkono mzee aliyesimama pembeni yake. Mwinjilisti akabaki ameunyosha wake. Nililiona hilo kwa macho yangu, na faili liko nyumbani.

Na katika siku hizo hizo ambazo watu walisema amekula mbao, mtu yule alikuwa anatudai posho ya miezi mitatu. Posho yake ni shilingi 150,000 kwa mwezi, inatoka kwenye makusanyo ya mtaa, na anayepaswa kumkabidhi ni mimi. Januari tulisema ada za shule zimewabana watu. Februari tulikuwa na ugeni wa viongozi wetu wa kanisa. Tukatoa bahasha maalumu, tukanunua kondoo, vitenge na kiti cha sofa cha zawadi, jumla 870,000, na akina mama tukapiga vigelegele. Machi sanduku lilikuwa limekauka. Mke wa mwinjilisti alikuwa anachukua maharage na sabuni dukani kwa kuandikwa kwenye daftari la madeni. Bati la nyumba tuliyowapa limetoboka juu ya kitanda cha watoto, na usiku wa mvua wanakinga kwa sufuria. Yote hayo tuliyajua. Hakuna aliyerekodi klipu kuyasema.

Wale wageni siwalaumu. Walipokea kwa furaha kile tulichowapa, na hawakujua kilichokuwa nyuma ya nyumba. Nasema sisi.

Wiki ile ya pili tulifiwa na mama mkwe wangu. Mchungaji wetu anahudumia mitaa minne na alikuwa na msiba mwingine, kwa hiyo mwinjilisti ndiye aliyekuja kila jioni kuongoza sala, kwa miguu, suruali imelowa tope mpaka magotini. Siku ya maziko aliongoza ibada yote, na watu wale wale waliokuwa wakimsema waliitikia "Amina". Baada ya watu kutawanyika alinifuata nyuma ya jiko, akaniuliza kama nimekula. Alijua faili liko kwangu. Hakulitaja. Nadhani angelitaja ningemkasirikia, ningejitetea, na leo nisingekuwa ninaandika barua hii. Kwa vile alinyamaza, nilikosa pa kujificha.

Jumapili iliyofuata, wakati wa matangazo, nilisimama na faili la kijani. Nilisoma muhtasari, nikasoma stakabadhi moja moja, tarehe na kiasi, kwa sauti niliyokuwa naitumia darasani. Kisha nikasoma deni la posho, mwezi kwa mwezi. Nikasema kwamba nilikuwa nayo yote haya siku zote kumi na moja na sikusema, na nikamwomba mwinjilisti msamaha mbele ya watoto wake. Sitaki kueleza zaidi kuhusu asubuhi ile.

Mchana huo mimi na mzee mmoja, sisi tunamwita meku, tulikwenda nyumbani kwa mwenye klipu. Mathayo 18 inaagiza mtu aanze kumwendea ndugu yake wakiwa wawili peke yao, na yeye hakumwendea mwinjilisti, lakini na mimi sikumwendea yeye. Kutoka nyumbani kwangu hadi kwake ni mwendo wa dakika ishirini. Alitusikiliza. Aliziona mbao zikipakiwa kwenye gari na mwinjilisti amesimama pale, basi. Alirekodi klipu nyingine ya kuomba radhi, na ninamheshimu kwa hilo. Lakini ile ya kwanza ilikuwa na miguu mirefu zaidi. Mwezi Agosti kijana wetu mmoja alinipigia kutoka Dar akitaka kujua "kesi ya mbao" iliishia wapi.

Tangu wakati huo nimesoma sana 1 Timotheo sura ya 5, kuanzia mstari wa 17. Ule wa 17 tunaupenda, unasema wazee watawalao vema wahesabiwe kustahili heshima maradufu, na ndio tunaouandika kwenye kadi za zawadi. Unaofuata unazungumzia ng'ombe apuraye nafaka asifungwe kinywa, na mtenda kazi na ujira wake. Kwa hiyo heshima anayoitaja Paulo pale imo na chakula ndani yake. Mstari wa 19 unakataza kupokea mashitaka juu ya mzee bila mashahidi wawili au watatu. Klipu ile haikuwa na shahidi hata mmoja, na sisi watu zaidi ya mia tuliipokea. Halafu wa 20 unasema wanaodumu katika dhambi wakemewe mbele ya wote. Sisi tumechukua mstari mmoja na kuiacha hiyo mingine mitatu, na kila mtu anachagua ule unaomfaa.

Nalisema hili kwa sababu baada ya yale yaliyotokea kosa likaja kutoka upande wa pili. Kwenye kikao cha Juni mmoja wa wazee alipendekeza kwamba kuanzia sasa mshirika asiulize tena habari za mapato, kwani imeandikwa msiwaguse masihi wa Bwana. Wengi walitikisa vichwa kukubali. Mimi sikukubali, na mpaka leo sikubali. Maneno hayo yako Zaburi ya 105, na ukisoma mistari iliyo juu yake utaona yanawahusu Ibrahimu, Isaka na Yakobo, watu wachache, wageni, wanaotangatanga kutoka taifa hadi taifa, na wanaokemewa ni wafalme. Ni neno la kumlinda mnyonge. Nani alikuwa mnyonge mtaani kwetu mwaka jana? Alikuwa yule asiye na posho, anayesemwa na wenye simu kubwa.

Na Daudi, ambaye tunamtaja kila mara kwa kukataa kumnyoshea mkono Sauli kule pangoni Engedi, hakuishia kunyamaza. Alitoka nje ya pango, akamwita mfalme, akainama kifudifudi, kisha akamweleza kosa lake akiwa na kipande cha vazi la mfalme mkononi kama ushahidi. Alisujudu na kusema ukweli katika saa ile ile, tena ana kwa ana, tena na kitu cha kuonyesha. Sisi mwenye la kusema anatafuta kwanza mahali ambapo anayesemwa hayupo.

Aliyetuokoa kikaoni ni mwinjilisti mwenyewe. Aliomba mapato na matumizi yabandikwe mlangoni mwa kanisa kila mwezi, posho yake ikiwemo. Alisema mtu anayefichiwa vitabu atamdhania vibaya hata malaika. Tunabandika mpaka leo. Karatasi moja, kalamu na gundi, na maswali mengi yamekwisha kabla hayajafika kwenye simu.

Babu yangu mzaa baba alikuwa mwalimu wa dini katika miaka ambayo Waingereza waliwaondoa wamisionari wa Kijerumani, mwaka 1920. Wamisionari wa Leipzig walikuwa wamefika Machame tangu 1893, na walipoondolewa, walimu na wainjilisti wenyeji ndio walioshika sehemu kubwa ya kazi. Bibi alitusimulia kwamba kulikuwa na zamu: nyumba hii inapeleka ndizi kwa mwalimu, ile maziwa, ile inamkatia ng'ombe wake majani siku anapokwenda kufundisha mbali. Hawakuwa na bahasha wala kiti cha sofa. Kama mwalimu amekosea, wazee walikwenda kwake jioni, wakakaa naye. Najua na wao walikuwa na ugomvi wao, bibi hakutuficha. Lakini watoto wa mwalimu hawakulala na njaa.

Ninachoomba kwa wahazina na wazee wa kanisa wenzangu wanaosoma gazeti hili ni kidogo. Kabla ya kuchangia zawadi ya mgeni yeyote, fungueni daftari muone mwenye kukesha na wagonjwa wenu analipwa mpaka mwezi gani. Na mkisikia shutuma juu yake huku ushahidi uko kabatini mwenu, utoeni siku hiyo hiyo. Siku kumi na moja ni nyingi mno kwa mtu anayepaswa kusimama madhabahuni.

Mwinjilisti wetu alihamishwa mwishoni mwa mwaka, kwenda tambarare. Aliondoka bado anatudai shilingi 200,000, nasi tukamwomba avumilie. Mwezi uliopita zilipotimia nilipanda daladala hadi Boma Ng'ombe, kisha bodaboda, nikampelekea mwenyewe. Mke wake alinipikia kiburu, ndizi zetu za maharage. Mwinjilisti aliandika jina lake kwenye stakabadhi taratibu, kama afanyavyo siku zote, kisha akaniuliza kama lile bati limeshabadilishwa, maana amesikia mwenzake aliyekuja ana mtoto mchanga.

Tumebadilisha upande wa sebuleni. Chumba cha watoto kinahitaji mabati manane, na tumeshapata matano.

Mwalimu mstaafu,
Hai, Kilimanjaro