Barua ya wazi kwa Waziri wa Kaunti anayesimamia mafunzo ya ufundi, Lamu: tutoeni ukumbini

Assalaam alaykum Mheshimiwa,

Sikuandikii kutukana mtu, ila hili jambo limenikaa rohoni.

Mwaka jana tuliitwa vijana wa boti kwa semina ya kutengeneza mashine, siku tatu, ukumbi wenye eisii, projekta, chai na mahamri saa nne. Tukaonyeshwa mashine ukutani, mshale huu plagi, mshale huu kabureta, siku ya tatu tukagaiwa sertifikati tukapiga picha. Mashine yenyewe hatukugusa hata nati moja wallahi.

Haikupita mwezi napeleka abiria Mtangawanda, kisiwani Pate, maji yamekupwa na nimechelewa kwa ujinga wangu, kufika Mkanda, ule mlango mwembamba wa bahari, boti yakwaruza mchanga nami nalazimisha tu, mara harufu ya kuungua, nikazima. Mzee mmoja kati ya abiria akaniuliza, "Maji yatoka?" Maji gani tena? Akanionyesha kitundu cha nyuma ya mashine, kile kinachotema maji kama mtoto anayekojoa, yale ndiyo maji ya bahari yanayozunguka kupoza mashine, ukiona hayatoki ujue njia imeziba. Tukangoja ipoe, tukaiinua, akanipa kipande cha waya nichokonoe mwenyewe, yeye kakunja mikono anatazama. Nikawasha, ikatema. Nikadhani yameisha, kumbe bado, njia nzima ananihoji: ulianza kukosea wapi? Ungejuaje mapema? Kesho ukipita hapa utafanyaje? Sasa nikivuta kamba ya mashine jicho liko pale kitunduni kwanza.

Baadaye nikasoma kuhusu Mmarekani David Kolb, mwaka 1984 alieleza kwamba mtu hujifunza kwa mzunguko: unafanya, unarudi kutafakari, unapata kanuni, unaenda kuijaribu tena. Nikacheka, maana mzee alinipitisha kote huko mbele ya kina mama na mbuzi wao.

Lakini kupelekwa kazini peke yake si dawa. Binamu yangu alienda atachimenti, yaani mafunzo kazini, miezi mitatu akaishia kufagia na kutumwa chapati, hakuna aliyekaa naye kumuuliza leo umeona nini. Matondoni, kijiji cha waunda mashua, kijana akitia kalafati vibaya (ile pamba ya kuziba mianya ya mbao), mashua ikishushwa maji yanaingia na atayafua kuyatoa mwenyewe, kisha fundi anamrudisha kwenye ule ule mwanya atazame pamba aliishindilia vipi. Hapo kuna kufanya na kuna kuulizwa.

Katiba ya 2010 iliwapa kaunti politekniki za vijijini, kwa hiyo usiniambie niende Nairobi. Hela ya ukumbi na mahamri inunue mashine mbili mbovu tuzifungue mpaka parafujo ya mwisho. Mafundi wa Matondoni waiteni wafundishe na muwalipe kama walimu, hata kama hawana cheti (nani angewapa, na wao ndio wenye kazi?). Na kila jioni ibaki nusu saa ya kukaa chini, kila mtu aseme alichoharibu, bila kuchekwa. Sawa, kidogo tutachekana.

Ukitaka kuona ninachosema, panga siku uje, twende Mkanda maji yakianza kupwa. Boti ipo, mafuta tutachangishana. Viatu vya ngozi acha ofisini.

Wako,
Nahodha wa boti, Lamu