Risala ya Klabu ya Fedha ya Wanafunzi kwa Mgeni Rasmi

Ndugu Mgeni Rasmi,
Mwalimu Mkuu, walimu wetu wapendwa, wazazi na walezi, wanafunzi wenzetu, mabibi na mabwana,

Tunakushukuru kwa kuitikia mwaliko wetu licha ya majukumu mengi uliyonayo. Karibu sana.

Mgeni Rasmi, klabu hii ilizaliwa na aibu ndogo. Darasani tulikuwa tunakokotoa riba na kupata vema zote, lakini tulipoulizwa hela tulizopewa Jumatatu zimeishia wapi, hakuna aliyejua. Ndipo mwalimu mlezi akamtaka kila mmoja wetu awe na daftari lenye safu nne: tarehe, kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki. Wiki ya kwanza wengi tuliandika ya kubuni. Wiki ya tatu mwenzetu mmoja alijumlisha safu ya kilichotoka, akanyamaza, akajumlisha tena. Vitu vidogo vidogo, ambavyo hata hakumbuki alivinunua lini, vilikuwa vimekula zaidi ya nusu ya hela zake. Hakuna aliyemhubiria. Daftari lilitosha.

Baadaye tukaanzisha akiba ya pamoja. Sanduku lina kufuli mbili, funguo wanazo watu wawili, na mwekahazina anayeandika hashiki ufunguo hata mmoja. Siku moja hesabu zilikataa. Fedha zilipungua 18 kuliko ilivyoandikwa daftarini. Mgeni Rasmi, ilikuwa siku mbaya. Tulianza kuangaliana vibaya, na mwenzetu mmoja mwenye ufunguo akashukiwa waziwazi. Mwalimu hakumhoji mtu. Aliuliza tu kama 18 inagawanyika kwa 9, akatueleza kwamba tofauti ya namna hiyo mara nyingi hutokana na tarakimu zilizobadilishana nafasi. Tukapekua mstari kwa mstari hadi tukaikuta: 35 ilikuwa imeandikwa 53. Tulimwomba radhi mwenzetu mbele ya wote. Tangu siku hiyo watu wawili huhesabu na wote wawili husaini.

Hatuishii kwenye akiba. Tulikokotoa mkopo wa 10,000 kwa riba ya asilimia 10 kwa mwezi, usipolipwa chochote na riba ikawa inazaa riba. Baada ya miezi 12 deni ni 31,384. Kisha tukaiweka 10,000 ileile kama akiba, kwa asilimia 10 kwa mwaka. Ilifika 31,384 baada ya miaka 12. Asilimia ni ileile. Neno "mwezi" na neno "mwaka" ndiyo yaliyotutisha. Vijana wengi hukutana na mikopo ya simu na michezo ya kubahatisha kabla hawajakutana na mtu wa kuwaonyesha tofauti ya maneno hayo mawili.

Wazo la akiba shuleni si geni. Mwaka 1866 profesa wa sheria François Laurent alizishawishi shule za Ghent, Ubelgiji, zipokee akiba za wanafunzi. Na mwaka 2012 upimaji wa kimataifa wa PISA ulianza kupima uelewa wa fedha kwa wanafunzi wa miaka 15.

Mgeni Rasmi, changamoto zipo. Tunakutana baada ya masomo, wakati wanaokaa mbali wameshaondoka. Walimu wanaotusaidia wanajitolea bila mafunzo yoyote ya somo hili. Linalotuumiza zaidi ni kwamba wapo wenzetu ambao nyumbani hawapewi hata kidogo. Kwa ajili yao tumekubaliana kiasi cha mtu kisisomwe kwa sauti, na asiye na cha kuweka ashike zamu ya kutunza hesabu za klabu. Baadhi yao ndio watunzaji wetu bora.

Tunaomba kipindi kimoja kwa wiki ndani ya ratiba, na mafunzo kwa walimu wetu. Kwa wazazi na walezi wetu tuna ombi la pekee: mkiweza, tuachieni kiasi kidogo tukipangie wenyewe, na tukikosea msitufidie haraka. Tuacheni tukosee sasa, wakati kosa bado lina tarakimu mbili.

Daftari la klabu liko mezani mbele yako, pamoja na ukurasa ule wenye 53 iliyokatwa kwa wino mwekundu. Tunakuomba ulipitie, uulize swali lolote, na mwekahazina wetu yuko tayari kukujibu.

Tunaomba kuwasilisha.