Barua kwa Mama Furaha: hizo sabuni uzipeleke sokoni?

Lubumbashi, mwezi wa saba

Mama Furaha, jambo sana,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza wote, pamoja na kelele za watoto na ile sehemu uliyomgombeza mtu wa makaa. Nakujibu kwa maandishi, maana kwenye simu ungenikata kauli kabla sijafika kwenye jambo lenyewe. Nakufahamu.

Unauliza kama hayo masanduku uliyoyachukua katika mtandao wa ile kampuni ya kuuza mkono kwa mkono, sabuni, dawa ya meno, chai ya majani na zile krimu, uyapange kwenye meza sokoni hapo Likasi, upande wa nguo za balo, yaani mitumba, au uendelee kuyazungusha nyumba kwa nyumba. Mimi nasema yapeleke sokoni. Ila sababu yangu si hiyo yako. Wewe unafuata wingi wa watu. Mimi napenda meza kwa kuwa ndiyo mahali pekee ambapo mali yako itaulizwa inafaa nini na mtu asiyekudai wala kukuonea haya. Shangazi yako akinunua sabuni, amekununua wewe. Wamama wa kwaya ni hivyo hivyo, na zamu ijayo watapita njia nyingine. Lakini yule anayepita na kikapu chake, hajui jina lako wala hataki kulijua, akitoa falanga zake basi amelipia sabuni.

Kabla ya yote, toa yale makaratasi uliyotia sahihi uyasome. Najua hukuyasoma, hakuna anayeyasoma. Kampuni nyingi za kuuza mkono kwa mkono zinakataza mali yao kukaa dukani au kwenye meza ya kudumu. Nyingine zinaruhusu maonyesho ya siku chache tu, tena kwa idhini. Nyingine zinakataza kushusha bei chini ya katalogi, au kuandika jina lao kwenye bango lako. Ugomvi wao na duka ni wa zamani. Kwenye mafunzo wanapenda kutuhadithia habari za Tupperware, zile kopo za plastiki za Marekani: dukani zilikuwa zinalala kwenye rafu kwa sababu mtu hakujua kifuniko chake kinafungwaje, mpaka wakina mama walipoanza kuwaonyesha majirani sebuleni. Mwaka 1951 mwenye kampuni, Earl Tupper, akaziondoa madukani zikauzwe majumbani peke yake. Hadithi nzuri, na ya kweli. Wanaisimulia ili tukae mbali na soko, mimi nachukua kitu kingine humo: mali inayotaka kuonyeshwa, uionyeshe, hata kama ni mezani. Ruhusa lakini uiombe kwa maandishi na ujibiwe kwa maandishi. Usimuulize aliyekuandikisha. Yeye kila kitu atakubali, kwa sababu ukinunua wewe, pointi za kumpandisha daraja zinaingia kwake.

Ukishapata ruhusa, usikimbilie kulipia meza nzima ya mwezi. Tafuta mtu mwenye meza tayari, mgawane. Mimi hapa kwetu Lubumbashi, kwenye komini (mtaa) iitwayo Kenya, nimeshika robo ya meza ya mama anayeuza mikoba na magauni ya balo. Tiketi ya soko tunachangia, mlinzi wa usiku tunachangia. Na jirani umchague kwa akili. Anayechagua gauni ana muda, anajipima, anajitazama kwenye kioo, na kioo kile kiko upande wangu. Ukikaa karibu na viatu, mtu amevua mguu mmoja, anachechemea, hana habari na krimu yako. Karibu na nyanya na samaki usikae kabisa, harufu itaingia kwenye chai.

Sasa bei. Hapo ndipo utaumwa kichwa. Sokoni kila kitu kinapimwa na kilicho kando yake. Juzi mama mmoja alichukua dawa ya meno, akaigeuza, akatafuta tarehe ya mwisho, akaifungua kifuniko akainusa, akairudisha taratibu kama yai. “Iko bei gani?” Nikamwambia. Akatazama meza ya pili. “Mama, na ile sketi?” Sketi ilikuwa chini ya bei ya dawa yangu ya meno. Hakukasirika wala hakubishana, alicheka tu, akanunua sketi. Huyo huwezi kumlaumu. Nyumbani ungemkalisha, ungempa maji, ungemweleza nusu saa, angeona haya kutoka mikono mitupu. Sokoni anacheka na kwenda zake.

Kwa hiyo usipange katalogi nzima mezani. Peleka vitu vitatu au vinne ambavyo mtu anaviona kazi yake palepale. Kwa baridi hii na vumbi hili la kiangazi, mafuta ya ngozi ndiyo yananilisha. Naweka kopo moja wazi la kujaribia, na vijiti, si vidole vya watu, halafu namwambia mtu apake mkono mmoja tu. Akifika kwenye mikoba analinganisha mkono na mkono, mwenyewe, bila neno langu. Sabuni ya kipande inatoka, dawa ya meno inatoka polepole. Vyombo vya bei kubwa nimeacha nyumbani, picha zake ziko kwenye simu. Na usithubutu kufungua kopo ukagawanya krimu kwenye vikopo vidogo, hata wakikuomba. Siku mtu akitoka vipele hutaweza kusema kilichokuwemo.

Jua kali nalo ulifikirie. Mwezi wa kumi hapa unaujua. Rangi ya mdomo inalegea, krimu inaachana, mafuta juu na maji chini, na mteja akiifungua anasema umemuuzia feki. Tafuta upande wenye kivuli kuanzia saa sita, hata kama wapitaji ni wachache.

Kitu kingine nakusihi kama dada. Ile chai na vile vidonge vya majani, usiseme vinaponya kisukari wala presha. Nimekaa kwenye mafunzo nikamsikia kiongozi mmoja, suti safi, anawaambia watu chai ile inatosha, dawa za hospitali ziachwe. Nilitoka nje. Sokoni watakuja wamama wenye makaratasi ya daktari mkononi wakuulize wewe, kwa sababu wewe uko karibu na hulipishi kadi. Mwambie ni chai. Ikimpendeza anywe, dawa zake asiache, na amwonyeshe daktari hiyo boksi kabla ya kuanza. Utapoteza mauzo, ndiyo. Yapotee.

Halafu nikupe habari ya mwisho wa mwezi, hii hawakufundishi. Tarehe zikifika ishirini na kitu, meza yangu inapata wageni ambao si wateja. Ni wasambazaji wenzetu. Mwezi uliopita alikuja kijana mmoja na sanduku la safari, lile la magurudumu, akalifungua chini ya meza kama mtu mwenye mali ya wizi. Ndani mlikuwa na maboksi yale yale ninayouza, hayajafunguliwa. Alikuwa anataka kuniachia kwa bei ya chini kuliko ile tunayonunulia sisi depo, kwenye ghala la kampuni. Chini, Mama Furaha! Nikamuuliza, “Mwanangu, utapata nini hapo?” Akasema ameshapata pointi, sasa anatafuta pesa ya kodi ya nyumba. Alinunua ili apande daraja, daraja likapanda, mali ikabaki chini ya kitanda.

Sikununua. Si kwa huruma. Nikishusha bei leo, kesho wateja wangu wote watataka bei ya yule kijana, na sanduku lake likiisha mimi nitaitoa wapi? Lakini yeye alinionyesha mahali mali nyingi inapoishia. Mnunuzi ni msambazaji, anayemfuata ni msambazaji, na mtu wa kuogea hiyo sabuni haonekani.

Wazee wakituona na makatalogi wanauliza: hii si Bindo? Wanakumbuka ule mchezo wa pesa wa Kinshasa uliotikisa nchi nzima mpaka ukaporomoka mwaka 1991. Vijana wanakasirika wakisikia hivyo. Mimi naona ni swali halali, na lina jibu. Huko Marekani serikali iliwahi kuishtaki Amway, kampuni ya mtandao kama yetu, kwamba ni piramidi, yaani mchezo ambao pesa za wanaoingia ndizo zinazowalipa waliotangulia, na mwaka 1979 ikaamuliwa kwamba katika hilo haina kosa. Sehemu kubwa ya sababu zilikuwa kanuni zao tatu: msambazaji auze angalau asilimia 70 ya mali aliyonunua ndipo apate bonasi, aonyeshe kila mwezi kwamba ameuzia wateja 10 wa rejareja, na mali isiyouzika irudishwe na kulipwa. Sasa hizo uzipime kwako. Wateja kumi wasiokuwa ndugu, wasiokuwa kwenye mtandao, unao? Depo yenu inapokea mali iliyorudishwa, kwa muda gani, na wanakata kiasi gani? Hilo nalo litafute kwenye makaratasi.

Ndiyo maana nasema meza. Meza itakupa hao kumi au itakunyima, na utajua mapema. Nina daftari, kila anayenunua naandika jina, simu, alichochukua na siku. Kopo la mafuta mtu analimaliza kwa muda unaokadirika, namtumia ujumbe kabla halijaisha, analipa kwa Airtel Money, mtoto wangu anampelekea. Faida yangu kubwa inatoka humo daftarini kuliko kwa wapitaji, na karibu wote humo nimewapata mbele ya kile kioo. Wanaokuja kuuliza “nami naweza kuingia?” nawaambia wanunue na kutumia kwanza. Wengi hawarudi. Sawa.

Usikope kwenye likelemba, ule mchezo wetu wa kuchangiana na kupeana pesa kwa zamu, ili ujaze meza. Anza na hayo uliyonayo chini ya kitanda (najua yako chini ya kitanda). Hesabu yako ya wiki iwe na tiketi, mlinzi, taksi, chakula cha mchana, na vipande ulivyofungua kwa ajili ya kujaribisha. Wenzetu hilo la mwisho hawalihesabu kabisa, halafu wanashangaa. Nyumba kwa nyumba usiache mara moja, asubuhi ya Jumamosi bado ni nzuri kwa hilo, watu wako nyumbani na hawajatumia pesa. Na kama baada ya kiangazi hiki chai na vidonge havijatoka, virudishe depo kama muda bado unaruhusu, ubaki na mafuta na sabuni.

Nipigie picha ule ukurasa wa mkataba unaosema habari za maduka na masoko, wote, na ule wa kurudisha mali, unitumie. Kama uko kwa Kifaransa kigumu nitampa mwanangu wa chuo anisomee. Piga jioni baada ya saa kumi na mbili, mchana wale wa balo wanaita bei kwa kipaza sauti na mimi sisikii kitu. Nisalimie Baba Furaha, umwambie lile deni la mikoba miwili sijalisahau.

Ni mimi,
Mama Ketsia